Kwilti Tano Zilizokwama: Nizimalize, Nizitupe, au Niache Kushona?

*"Nilijifunza kutumia cherehani kwa kujishonea nguo, na miaka miwili iliyopita nikaingia katika kushona kwilti, yaani mablanketi ya vipande vya vitambaa vilivyounganishwa. Tangu hapo nimeanza tano na sijamaliza hata moja. Ya kwanza niliikata vipande vyote, vikabaki mfukoni. Ya pili miraba yake haikutani kwenye pembe. Ya tatu uso wake umekamilika, lakini kingo zina mawimbi na ukiitandaza sakafuni hailali sawa. Ya nne niliweka tabaka zote tatu, yaani uso, pamba na mgongo, nikaanza kuzishona pamoja, nilipoigeuza nikakuta mikunjo upande wa chini. Ya tano ilikuwa ya mtoto mchanga wa dada yangu, ambaye sasa anakimbia. Kila nikifungua kabati naona aibu, halafu najikuta nimenunua kitambaa kingine. Nikitazama picha za kazi za wenzangu, naona wazi kwamba mimi sina mkono wa kazi hii. Je, nijilazimishe kuzimaliza zote kabla ya kuanza nyingine, nizitupe, au nikubali kwamba hii si fani yangu?"*

Ndugu msomaji,

Umeuliza maswali matatu, lakini yote yamesimama juu ya shtaka moja unalojishtaki mwenyewe: kwamba kazi hizi zimekwama kwa sababu ya upungufu ulio ndani yako, uwe ni uvivu au ukosefu wa kipaji. Ningependa tulichunguze shtaka hilo kwanza, kwa kuwa maelezo yako hayaliungi mkono. Kazi zako tano zimesimama mahali patano tofauti. Moja imesimama kabla ya kushonwa, nyingine katika kuunganisha vipande, ya tatu kwenye kingo, ya nne katika kushona tabaka, na ya tano imepitwa na wakati. Anayekwama kwa namna hii ni mwanafunzi ambaye kila mara amefika kwenye hatua inayodai ujuzi au uamuzi ambao hakuna aliyemfundisha, akaiweka kazi kando kwa nia ya kuirudia, kisha aibu ikamzuia kurudi. Hata mafundi waliobobea wana kazi zilizolala kabatini, na wengi wao hawazionei haya. Kwa hiyo acha kwa sasa kujiuliza kwa nini humalizi, na badala yake ishike kila kazi mkononi ujiulize ilisimama wapi hasa.

Nianze na miraba isiyokutana, kwa sababu nadhani hapo ndipo ulipo mzizi wa mengi yaliyokukatisha tamaa. Wewe umetoka kwenye nguo. Katika nguo, ukingo wa mshono huachiwa nafasi ya sentimita moja na nusu hivi, na ukikosea milimita mbili hakuna atakayejua, kwa kuwa mwili una mviringo na kitambaa kinaning'inia. Kwilti hushonwa kwa nafasi ya robo inchi, ambayo ni milimita 6 na kidogo, na haina mwili wa kuficha kosa. Tena kosa lake hujilimbikiza. Chukua safu ya vipande 10, ambayo ina mishono 9. Ukishona kila mshono kwa upana uliozidi milimita 1 tu, umekula milimita 1 ya kipande cha kushoto na milimita 1 ya kipande cha kulia, jumla milimita 2. Mishono yote 9 imekula milimita 18, karibu sentimita 2. Safu inayofuata ukiishona siku nyingine, mshono ukiwa umekaa sawasawa, itatoka ndefu kuliko ile ya kwanza kwa kiasi hicho, na hakuna pini wala nguvu ya mikono itakayozikutanisha pembe zake. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hujaa makosa vilevile kama kinavyojaa nafaka.

Wanafunzi wengi wakifika hapo huambiwa, au hujiambia wenyewe, kwamba wawe waangalifu zaidi na washone polepole. Ushauri huo hausaidii ikiwa kipimo chenyewe kimekosewa, kwa sababu mtu anaweza kushona polepole sana na kwa uangalifu mkubwa kwenye mstari usio sahihi. Unachohitaji ni jaribio. Kata vitambaa vitatu vyembamba vyenye upana wa inchi moja na nusu kila kimoja, viunganishe kwa urefu, vipige pasi, kisha pima kile cha katikati: kinapaswa kuwa na upana wa inchi 1 kamili. Kikipungua, mshono wako ni mpana; kikizidi, ni mwembamba. Sogeza kipimo chako na urudie mpaka upate inchi 1, halafu bandika kipande cha utepe wa karatasi wenye gundi kwenye bamba la cherehani pale ukingo wa kitambaa unapopaswa kupita, ili usitegemee tena jicho. Utagundua kwamba sindano inatakiwa kupita ndani ya robo inchi kwa tofauti ndogo mno, kwa sababu kitambaa kinapokunjwa juu ya uzi nacho hula nafasi kidogo. Jaribio hili halichukui muda, na kwa maoni yangu lina faida kuliko kitambaa chochote utakachonunua mwaka huu.

Kuna na suala la pasi, ambalo washonaji wa nguo huliona dogo. Kwenye kwilti pasi hunyanyuliwa na kushushwa. Haisukumwi huku na huko. Ukiisukuma juu ya kipande kilichokatwa kwa mshazari, ambapo nguvu haifuati mtande (nyuzi za urefu) wala mshindio (nyuzi za upana), kitambaa huvutika na mraba hugeuka umbo lisilo na jina. Mishono ya safu moja ilaze upande wa kushoto na ya safu inayofuata upande wa kulia. Safu mbili zikiwekwa uso kwa uso, mishono hiyo hukabana na pembe hujipata zenyewe. Pima pia kila mraba kabla ya kuuunganisha na mwenzake, kwani kosa likigunduliwa kwenye mraba mmoja hurekebishika kwa dakika chache, ilhali likigunduliwa kwenye uso mzima wa kwilti ndipo watu hufunga kazi na kuitia kabatini.

Kwa ile kwilti yako ya pili, huna haja ya kufumua kila kitu. Pima miraba yote. Ikiwa inatofautiana kwa milimita chache tu na mchoro wake hauna ncha kali pembezoni, ipunguze yote iwe sawa na ule ulio mdogo kuliko yote. Ikiwa ina ncha ambazo zitakatwa, weka vitambaa vyembamba vya rangi moja kati ya mraba na mraba. Vitambaa hivyo hupunguza sana ulazima wa mishono kukutana, na mtazamaji hatajua kwamba viliwekwa kwa sababu ya shida. Ukipenda, sema ulivipanga tangu mwanzo, mimi sitakushtaki.

Mawimbi ya kwilti ya tatu yana chanzo kingine, na nina karibu uhakika nacho. Ulichukua kitambaa kirefu cha pindo, ukakishona ukianzia kona moja mpaka nyingine, kisha ukakata kilichozidi. Ndivyo karibu kila anayeanza anavyofanya. Tatizo ni kwamba kingo za uso wa kwilti huwa zimevutika kwa kushikwashikwa, na cherehani nayo husukuma tabaka mbili kwa mwendo usiolingana, hivyo pindo huishia kuwa refu kuliko upana halisi wa kazi, na urefu huo wa ziada hauna pa kwenda ila kuinuka kuwa mawimbi. Dawa yake ni kufumua mapindo, kutandaza kazi, na kuipima katikati badala ya kwenye kingo. Pima mahali patatu, uchukue wastani, na ukate mapindo mawili yanayokabiliana kwa urefu huo mmoja. Bana pini kwenye ncha zote mbili, kisha katikati, kisha katikati ya katikati, na ushone ukigawanya kwa usawa tofauti yoyote iliyobaki. Ikiwa wimbi ni dogo, mvuke wa pasi na mishono ya tabaka iliyosongamana vinaweza kulimeza. Ikiwa ni kubwa kiasi cha kuweza kulishika kwa vidole, usilitarajie litoweke. Litageuka kuwa kunjo lililoshonwa, na hilo litakuudhi zaidi.

Mikunjo ya chini ya kwilti ya nne inatokana na mwendo huohuo usiolingana, ila sasa tabaka ni tatu: uso, pamba ya katikati, na mgongo. Meno ya cherehani huvuta tabaka la chini huku mguu unaokandamiza ukilizuia la juu, na kama tabaka hazijashikamanishwa vizuri, mgongo hujikunja mahali usipopaona. Watu hulaumu mikono yao ilhali kosa limefanyika kabla hawajaketi kwenye cherehani. Mgongo unatakiwa kutandazwa na kubandikwa sakafuni au mezani ukiwa umekazwa bila kuvutwa, pamba ilazwe juu yake, kisha uso. Na mgongo pamoja na pamba vizidi uso kwa karibu sentimita 10 kila upande. Baada ya hapo piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, au bana pini zisizoachana zaidi ya sentimita 10 hivi, kwenye eneo lote. Ukiweka kiganja chako popote bila kugusa pini, bado hazitoshi. Ushonaji huanzia katikati kwenda nje, ili hewa na ulegevu visukumwe pembezoni. Cherehani nyingi zinaweza kufungwa mguu wa pekee unaotembea, wenye meno yake juu, ambao huvuta tabaka la juu sambamba na la chini. Ukiweza kuupata, huo ni ununuzi wa busara.

Kwa iliyokwisha kushonwa nusu, fumua sehemu zenye mikunjo tu. Na kama kufumua kunakuchosha, kuna njia ya zamani na halali kabisa ya kufunga mafundo: unapitisha uzi mnene kwenye tabaka zote tatu, unafunga fundo, unahamia hatua inayofuata. Hakuna cherehani, hakuna kuburuta kazi nzito chini ya sindano. Soma tu maelezo ya pamba uliyonunua, kwa kuwa kila aina ina umbali wake wa juu unaoruhusiwa kati ya mshono na mshono, au fundo na fundo. Ukiuzidisha, pamba hukusanyika uvimbeuvimbe baada ya kufuliwa.

Ile ya mfukoni nitaipitia haraka. Mara nyingi kwilti iliyokatwa isiyoshonwa imekwama kwenye uamuzi wa mpangilio, kwa sababu mtu anaogopa kwamba akishaunganisha rangi mbili hawezi kubadilisha mawazo. Tandaza vipande vyote, upige picha, uvipange upya, upige nyingine, kisha uchague moja kati ya picha mbili au tatu. Ukiona huzipendi zote, huenda huupendi mchoro wenyewe, na hilo nalo ni jibu.

Sasa nije kwenye kabati na kitambaa kipya. Kushona kwilti kuna hatua zinazolipa haraka na nyingine zinazochelewesha malipo. Kuchagua rangi kunapendeza papo hapo. Kuunganisha miraba kunakupa kitu cha kutazama kila jioni. Kisha inafika hatua ya tabaka, ambayo inahitaji nafasi kubwa na magoti yanayovumilia, kazi inakuwa nzito, makosa yanakuwa magumu kufuta, na uzuri hauonekani mpaka mwisho. Ni jambo la kawaida kabisa kwamba mtu akifika hapo anatamani kurudi mwanzoni, na njia rahisi ya kurudi mwanzoni ni kununua kitambaa. Hujakosa nidhamu; umekimbilia sehemu ya kazi unayoiweza. Kuna pia kosa la makadirio. Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 mwelekeo wa binadamu wa kukadiria kazi zake kwa muda mfupi kuliko zinavyochukua, hata anapojua kwamba kazi zilizotangulia zilichelewa. Anayeanza kwilti huhesabu saa za kuunganisha vipande na kusahau kupima, kupiga pasi, kufumua, kupiga bandi na kushona ukingo wa mwisho, ambavyo kwa pamoja huweza kuwa nusu ya kazi au zaidi. Akiona muda umepita na kazi haijakwisha, hudhani yeye ndiye mzembe, kumbe hesabu ndiyo iliyokuwa fupi.

Kuhusu picha za wenzako, kumbuka kwamba picha hupigwa baada ya kazi kupigwa pasi, kutandazwa kwenye mwanga mzuri na kuonyeshwa kwa upande wake bora, ilhali ya kwako unaitazama kwa umbali wa mkono, ukijua kila mshono uliokosea. Nadhani pia picha hizo zimekupa kigezo kimoja tu cha uzuri. Mwaka 2002 kwilti za wanawake wa Gee's Bend, jamii ya Wamarekani weusi huko Alabama, Marekani, zilionyeshwa katika Museum of Fine Arts ya Houston na kisha Whitney Museum ya New York. Nyingi zimeshonwa kwa nguo za kazi zilizochakaa, na mistari yake hupinda na kubadilisha upana bila kuomba radhi. Wapo wanaozitaja ili kusema kwamba usahihi hauna maana, na mimi sikubaliani nao: mistari ile ni maamuzi ya mafundi wanaojua wanachofanya, na kwilti zenyewe zimeshonwa zitumike na zidumu. Ninazitaja ili ujue kwamba kukutana kwa pembe ni mtindo mmoja wa ushonaji, na kama moyo wako hauupendi, ipo mitindo isiyoudai.

Je, umalize zote kabla ya kuanza nyingine? Sipendekezi. Kanuni hiyo humfaa mtu ambaye kazi zake zinangoja muda tu, lakini zako zinangoja ujuzi, na ujuzi hujengwa kwenye kazi ndogo. Kwilti ya kitanda ni mahali pabaya pa kujifunza kushona tabaka. Nakushauri uanze kipande kidogo kipya, cha ukubwa wa mto au cha kulaza juu ya meza, chenye miraba isiyozidi tisa, ukipitishe katika hatua zote mpaka ukingo wa mwisho. Utakuwa umejifunza mzunguko mzima kwa gharama ndogo, na utakaporudi kabatini utarudi ukiwa mtu mwingine. Baada ya hapo shughulikia ya nne, kwa kuwa imebakiza hatua chache kuliko zote, kisha ya tatu, kisha ya pili. Kila unapoacha kazi, hata kwa usiku mmoja, bandika karatasi inayosema hatua inayofuata ni ipi na mshono uliwekwa kwa kipimo gani. Karatasi hiyo ndogo huokoa kazi nyingi, kwa sababu kinachomzuia mtu kurudi mara nyingi ni kutojua aanzie wapi.

Una ruhusa pia ya kuacha. Fedha na saa ulizokwisha kutumia hazirudi, umalize usimalize. Swali la haki ni moja tu, kama saa zilizobaki unataka kuzitumia kwa kazi hii. Ile ya mfukoni, ukiona huipendi, vipande vyake vigawe au vitumie kwenye majaribio ya mshono. Ya mtoto ina njia nzuri zaidi. Mtoto anayekimbia bado hulala, na uso uliokusudiwa kwa mtoto mchanga ukiongezwa mapindo mapana mawili au matatu unatosha kumfunika mtoto mkubwa. Usiwe na haraka ya kuomba radhi kwa dada yako kwa kuchelewa. Mpe ikiwa tayari.

Yapo mambo ambayo maandishi haya hayawezi kuyatibu. Ikiwa umefanya jaribio la vitambaa vitatu mara kadhaa na kipimo hakitulii, tafuta mwalimu au mshonaji mzoefu akuangalie ukishona, kwa sababu yeye ataona kwa muda mfupi jinsi unavyokivuta kitambaa kwa nyuma au unavyoliacha jicho kwenye sindano badala ya ukingo, jambo ambalo wewe mwenyewe huwezi kuliona. Ikiwa nyuzi zinafanya vitanzi upande wa chini hata baada ya kubadilisha sindano, kupitisha uzi upya na kusafisha nyuzinyuzi zilizo kwenye bobini, mpelekee fundi wa cherehani. Hilo si kosa la mkono wako. Ikiwa kinachokukwamisha ni hatua ya tabaka peke yake na unaichukia kwa dhati, kumlipa mwenye mashine kubwa aishone ni njia ya heshima, na hutumiwa hata na mafundi wazuri, ingawa kwa anayeanza huahirisha ujuzi ambao siku moja ataudai. Maumivu ya kifundo cha mkono, shingo au mgongo yasiyoisha baada ya kupumzika yanahitaji mtaalamu wa afya.

Na kuna jambo moja ambalo sikulisikia katika swali lako, lakini nalisema kwa sababu wengine watasoma. Kukata tamaa kwa kwilti ni jambo la kwilti. Kama mtu amepoteza hamu ya karibu kila kitu alichokipenda, na hali hiyo imedumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na usingizi ulioharibika au kujiona hafai, huyo asianze na kabati la vitambaa. Aende akaonane na daktari au mshauri wa afya ya akili, na cherehani itamngoja.